Ticha alikata moto Mweka: kisa cha mkimbiaji aliyeacha wanga wiki chache kabla ya marathon

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, kasema jina lake nisilitaje tu, basi tumwite Ticha, maana ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi na klabu nzima ya jogging tunamwita hivyo hivyo. Miaka 34, kilo 74, hana kisukari, hana presha, sigara hajui, nusu marathon keshazikimbia na hajawahi kusumbuka. Mwaka huu akaamua aingie ile ndefu, kilomita 42, Kilimanjaro Marathon, na mazoezi alifanya kweli, hilo nalitanguliza mapema kwa sababu mtaani wameshahitimisha kwamba jamaa hakujiandaa.

Sasa mwezi wa kwanza katikati, katika zile meseji zinazozunguka WhatsApp, akakutana na diet ya kukata wanga. Ugali marufuku, wali marufuku, ndizi marufuku, chapati usizitazame hata kwa jicho. Kula nyama, mayai, parachichi na mchicha mpaka ushibe. Akaingia mzima mzima, na wiki ya kwanza tu kilo mbili na ushee zikaondoka, akaja mazoezini anang'aa kweli kweli, "mnaona jamani, mafuta yanayeyuka". Baada ya hapo akawa analalamika miguu mizito kwenye vilima, spidi aliyokuwa anaimudu Desemba haipatikani tena, ila kila mtu akamwambia ni uchovu wa mazoezi, utapita.

Jumamosi jioni, kesho yake ndo mbio, mama mkwe wake katoka Kibosho kuja kumsalimia, akakuta mkwe anakula mayai na majani. Mama akashindwa kuvumilia. "Baba, utapandaje Mweka na majani tumboni?" Akaingia jikoni akapika kiburu, ndizi na maharage, sufuria la maana, na Ticha kwa heshima ya mama mkwe (na kwa njaa pia, alikiri) akala sahani mbili zilizojaa. Asubuhi akanywa kahawa nyeusi bila sukari, basi, akaenda kusimama pale uwanja wa Chuo cha Ushirika na wenzake.

Wanaoijua njia wanajua ilivyo. Nusu ya kwanza unaenda na kurudi barabara ya Dar, tambarare, watu wanajiona wafalme, halafu unapita mjini na kuanza kupanda kuelekea Mweka na hapo ndo kila mtu anapimwa. Ticha barabara ya Dar tumbo lilianza kumchafuka, gesi tupu, akachepuka chooni mara moja akarudi. Maji akanywa kila meza. Chochote chenye sukari hakugusa, soda alikuwa anapishana nayo kama sumu. Kwenye kupanda, karibu kilomita ya 28, akaanza kusikia baridi na jua lile la Moshi unalijua lilivyo, mikono ikawa inatetemeka. Mzee mmoja pembeni ya barabara akamnyooshea kata ya mbege kwa upendo kabisa, akakataa. Mbele kidogo rafiki yake alikuwa anamsubiri na chupa ya nusu lita, ndani kamwaga glukosi ya unga karibu nusu pakiti, yaani uji mtupu. Akaipiga yote kwa mkupuo. Hata dakika kumi hazikufika, tumbo likabana, akatapika, akakaa chini. Tulipomfikia alikuwa analia bila sababu na ukimuuliza uko kilomita ya ngapi anakutajia jina la shule yake.

Bahati nzuri dada mmoja wa klabu ni nesi na alikuwa na kimashine cha kupima sukari. Kidole kikatobolewa: 3.1 (milimoli kwa lita). Kwa mtu mzima asiye na kisukari, chini ya 3.9 ni chini ya kiwango cha kawaida. Tukakimbilia duka la mangi hapo jirani, soda, akanywa kidogo kidogo. Baada ya dakika kama ishirini kipimo kikasoma 5.4, Ticha akawa Ticha, anatania, anaomba msamaha kwa kulia, anakumbuka namba yake ya mbio. Akasimama akasema naenda kumalizia. Miguu ikakataa. Kichwa kizima kabisa, anajua anachofanya, ila kukimbia hata kilomita moja hawezi, ikabidi ashuke kwa kutembea mpaka mjini, medali akapata.

Hapo ndipo kisa kilipo kwa maoni yangu. Mi kazi yangu ni lishe na nimesikia kila nadharia mtaani, mara maji yalimpungukia, mara jua, mara chumvi, mara kiburu cha mama mkwe kina mkono wa mtu (hii niliicheka). Maji hayaelezi, alikunywa kila meza na alikojoa njiani. Kunywa maji mengi kupita kiasi mpaka chumvi ya damu ishuke nako kunaweza kumchanganya mtu akili, lakini asingerudi sawa kwa chupa moja ya soda. Jua kali lingempandisha joto, huyu alikuwa wa baridi na anatetemeka. Kipimo kipo, 3.1. Swali linalobaki ni moja: kama shida ni sukari, na sukari tumeirudisha, mbona kichwa kimerudi na miguu haijarudi?

Ili tujibu inabidi tuifuate ile sahani ya kiburu ilikwenda wapi. Wanga ni familia kubwa. Kuna sukari ndogo za chembe moja, glukosi na fruktosi, kuna za chembe mbili kama sukari ya mezani (glukosi moja na fruktosi moja zimeshikana) na laktosi ya kwenye maziwa, halafu kuna wanga wenyewe wa ugali, wali, ndizi mbichi, mihogo, ambao ni minyororo ya mamia na maelfu ya glukosi. Na kuna nyuzinyuzi, nazo ni wanga kwa ukoo ila sisi binadamu hatuna kimeng'enya (yaani kikata chakula cha mwili) cha kuzikata. Mwili haupokei mnyororo, unapokea chembe moja moja, kwa hiyo kazi yote ya kumeng'enya ni kukata.

Kukata kunaanza mdomoni, mate yana kimeng'enya kinaitwa amilesi, ndo maana ukitafuna ugali mkavu kwa muda unaanza kusikia utamu kwa mbali. Ukimeza, asidi ya tumbo inakisimamisha hicho, kazi inaendelea kwenye utumbo mwembamba ambako kongosho linamwaga amilesi nyingine nyingi, na vipande vya mwisho vinakatwa na vimeng'enya vilivyoota kwenye ukuta wenyewe wa utumbo. Wachagga kitu hiki wanakifanya kwenye chungu tangu enzi na enzi: ulezi ukiuotesha unakuwa kimea, na kile kimea kina amilesi yake, kinakata wanga kuwa sukari, kinachanganywa na ndizi mbivu zilizochemshwa, hamira inakula ile sukari, inatoka mbege. Na hapo hapo niseme, afadhali Ticha aliikataa ile kata. Sukari kidogo ingekuwemo kweli, lakini pombe inalizuia ini kutengeneza sukari mpya, na ini ndo lilikuwa tegemeo lake la mwisho pale. Angeweza kuanguka vibaya zaidi.

Turudi kwa kiburu. Ndizi mbichi iliyopikwa wanga wake unalainika na unakatika vizuri, huo ulimsaidia, nasema bila kusita mama mkwe ndo aliyemfikisha kilomita 28. Ila maharage yalikuja na mambo mengine mawili. Nyuzinyuzi nyingi, na sukari za minyororo mifupi kama rafinosi na stakiosi ambazo hatuna kimeng'enya chake, zinashuka nzima nzima mpaka utumbo mpana, bakteria wa kule wanazichachua na kutoa gesi. Siku ya kawaida bakteria wale tunawashukuru, wanatutengenezea asidi ndogo ndogo za mafuta ambazo ukuta wa utumbo unazitumia kama chakula. Sahani mbili usiku wa kuamkia marathon, barabara ya Dar ikawa hadithi nyingine. Hiyo ndo siri ya choo, hamna mkono wa mtu.

Glukosi ikishavuka ukuta wa utumbo inapitia kwenye ini kwanza, ndo inaingia damu kuu. Na damu yenyewe haibebi nyingi, mtu mzima ana gramu nne mpaka tano za glukosi kwenye damu yake yote, yaani kijiko kimoja cha chai. Zikizidi, kongosho linatoa insulini, ini na misuli vinafyonza na kuziunga upya kuwa glikojeni, mnyororo wenye matawi mengi, ndo akiba. Ini la mtu aliyeshiba linashika kama gramu 100, misuli yote kwa pamoja gramu 300 mpaka 500 kutegemea mwili na mazoezi. Na sheria yake ndo inayojibu swali letu: akiba ya ini ni ya mwili mzima, ini lina kimeng'enya cha kuiachia glukosi irudi kwenye damu, wakati misuli haina kimeng'enya hicho. Glikojeni ikishaingia kwenye paja inatumika kwenye paja hilo hilo. Msuli ni kibubu kisicho na tundu la kutolea, hata mkono ukiwa umejaa hauwezi kuukopesha mguu.

Kwa hiyo Ticha aliishiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ini kwanza: ubongo peke yake unakula kama gramu 120 za glukosi kwa siku na haulali, usiku kucha ini linatoa tu, asubuhi akiba imepungua sana, na yeye akaamka akanywa kahawa kavu. Soda ikaziba pengo la damu, ubongo ukapata, kichwa kikarudi. Ila misuli ya miguu iliyokwisha glikojeni haijazwi na soda ya mililita 350 yenye gramu kama 37 za sukari. Kujaza upya kunachukua saa 24 au zaidi za kula wanga wa kutosha na kupumzika. Pale Mweka hiyo nafasi hamna.

Kwa hesabu ya haraka, kukimbia kunagharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, tambarare. Kilo 74 mara kilomita 28 ni kama kalori 2,070, hujaweka kilima. Tuseme zaidi ya nusu kidogo zilitoka kwenye wanga, maana ukikaza mwendo mwili unaupendelea, hapo ni karibu gramu 300 kwa kalori nne kila gramu. Mtu mwenye akiba kamili anafika hapo bado ana kitu. Mtu aliyekaa wiki kadhaa bila wanga, anakimbia mazoezi kila siku, halafu akajaza mlo mmoja tu wa jioni, hafiki.

Na zile kilo mbili alizofurahia? Glikojeni inahifadhiwa na maji, kila gramu moja na gramu kama tatu za maji. Ukiimaliza gramu 500 umepoteza na lita moja na nusu ya maji, jumla kilo mbili. Mizani ilisema kweli, ila Ticha aliisoma vibaya, alikuwa anasherehekea kuondoka kwa akiba ya mbio, mafuta yenyewe ya mwilini yakiwa hayajapungua kihivyo.

Haya mambo si mapya aisee. Mwaka 1924 kwenye marathon ya Boston, Marekani, madaktari waliwapima sukari wakimbiaji mwishoni mwa mbio wakakuta kadhaa imeshuka sana na ndo hao hao waliokuwa wamepauka na kuchanganyikiwa, mwaka uliofuata wakawalisha wanga kabla na kuwapa peremende njiani, hali ikawa tofauti. (Boston ndo ile ile Juma Ikangaa wetu alimaliza wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990.) Halafu 1967 kule Uswidi, Jonas Bergström na wenzake wakachukua vipande vya msuli kwa sindano na kuwaendeshesha watu baiskeli mpaka wachoke kabisa. Watu wale wale, wakibadilishiwa chakula cha siku tatu tu: wakila mafuta na protini waliishia kama saa moja, chakula cha mchanganyiko karibu saa mbili, wanga mwingi karibu saa tatu kasoro. Siku tatu.

Nisiwe mchoyo wa haki, wale wa kukata wanga wana hoja. Mafuta ni akiba kubwa mno, hata mtu mwembamba ana kilo kadhaa na kila gramu ina kalori tisa, mwili ukipewa muda unajifunza kuyachoma zaidi, na wapo watu wanaenda mbali sana kwa mwendo wa taratibu hivyo hivyo. Kwa mtu wa ofisini mwenye kitambi na sukari inayopanda, kupunguza ugali mlima na soda za kila siku ni ushauri ambao hata mi nautoa. Ila mafuta yanadai oksijeni zaidi kwa nguvu ile ile, kwa hiyo ukikaza mwendo au ukipanda kilima yanashindwa kukupa kwa haraka unayoitaka. Na asidi za mafuta mwili hauwezi kuzigeuza kuwa glukosi, ini linabaki kuokoteza kwenye protini, laktati (inayotoka kwenye misuli inayofanya kazi) na gliseroli (kipande kidogo cha mafuta), inatosha ukiwa umekaa, kupanda Mweka kwa kukimbia haitoshi. Diet ya mtu mwingine mwenye shida nyingine, ndo alichokichukua Ticha.

Lile la glukosi ya unga nalo lieleweke, maana naona watu wengi wanafanya. Nusu lita yenye gramu mia na zaidi ni nzito mno. Tumbo linaichelewesha kuishusha, utumbo unavuta maji kutoka mwilini ili kuipunguza makali, na wakati huo damu nyingi iko miguuni. Matokeo uliyaona. Halafu mlango wa glukosi kwenye utumbo, ambao unaingiza glukosi pamoja na chumvi ya sodiamu, unapitisha kama gramu 60 kwa saa, basi, ukimwaga zaidi inakaa foleni. Fruktosi ina mlango wake mwingine. Ndo maana sukari ya kawaida ya dukani, yenye zote mbili, haidharauliki hata kidogo kwenye mbio, na ndo maana kachumvi kidogo kanasaidia.

Tumempangia upya. Siku mbili kabla ya mbio wanga gramu 8 mpaka 10 kwa kilo, kwake ni gramu 600 na zaidi kwa siku, na hapa ndo watu wa lishe tunaonekana wanafiki kwa sababu mwaka mzima tunahubiri dona, maharage na mboga, halafu siku hizo mbili namwambia kula wali mweupe, mkate mweupe, chapati, viazi, ndizi mbivu, maharage weka pembeni. Sababu ni tumbo, nyuzinyuzi zikikutana na mtikisiko wa saa nne utajuta. Sahani ya wali ya gramu 300 ina wanga kama gramu 85, kwa hiyo gramu 600 ni kula kwa bidii kweli. Asubuhi ya mbio aamke saa tisa na nusu usiku anywe uji mwepesi wa mchele wenye sukari na mkate, ili ini lijazwe kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Njiani gramu 30 mpaka 60 kila saa, kuanzia saa ya kwanza na sio akishaona giza: gramu 60 za sukari kwenye lita moja ya maji, robo kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Mtu mwenye kisukari au anayemeza dawa za kushusha sukari asiige hizi namba, huyo aongee na daktari wake kwanza.

Kinywaji tumeshakijaribu mazoezini, barabara ya Kibosho, mbio ndefu. Miguu imeshika mpaka mwisho, kilima cha mwisho kapanda anaongea. Tumbo bado halijatulia kabisa. Mara ya kwanza alibadilisha maji akaweka juisi ya embe, akaona ni asili zaidi, embe lina fruktosi nyingi kuliko glukosi na mlango wa fruktosi ni mwembamba, akaharisha kabla ya kufika kanisani. Tumerudi kwenye sukari na chumvi, na kiwango tunakipandisha pole pole, maana utumbo nao unazoea kufyonza ukiuzoesha. Kwa sasa yuko gramu 40 kwa saa bila kelele, Jumapili ijayo tunajaribu 50.